Neno gani limekuambia hivyo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili na cha tatu hapa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Darasa langu moja lina wanafunzi 84 na vitabu 11. Nikiwapa kifungu cha ufahamu wanakisoma mbiombio, halafu wanaandika mambo ambayo hayamo. Nikiwapa shairi wanahesabu mizani, yaani silabi, wanaandika "dhamira ni umaskini", wanaweka kalamu chini. Wengine ni Waacholi na Waalur, wengine wametoka Sudan Kusini, wengine ni Wakongomani waliozaliwa na Kiswahili chao. Mkuu wa shule anataka nimalize mada na nitoe notisi za kunakili. Nifanyeje ili wasome kweli, neno kwa neno?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipokwama kwenye sentensi moja: "wanaandika mambo ambayo hayamo." Mwanafunzi anayeandika yasiyomo anafikiri, tena anafikiri sana. Ila kichwa kimekwenda safari na macho yameachwa nyumbani. Hilo linarekebishika, na halidai vitabu vingi.

Nikueleze kwanza lililonipata mimi. Nilipoanza kazi niliingia darasani na shairi la beti sita nililolipenda mno. Nililieleza vipindi viwili mfululizo, dakika 80, ubeti kwa ubeti: hapa mshairi anamaanisha hivi, hapa pana sitiari, hapa anamlilia mamaye. Wanafunzi waliandika kila nilichosema. Muhula ulipokwisha nikawapa shairi jingine, geni kabisa, la mzee anayengoja barua. Zaidi ya nusu ya darasa waliniandikia maelezo yangu ya lile shairi la kwanza. Hata mifano ilikuwa ileile. Niliumia, maana nilijua wamefanya walichofundishwa. Nilikuwa nimewafundisha kwamba maana ya shairi hukaa kinywani mwa mwalimu, nao wakaenda kuitafuta huko.

Tangu siku hiyo nina swali moja ninaloliuliza kila kipindi, na ndilo ninalokupa wewe: "Neno gani limekuambia hivyo?" Mwanafunzi akisema baba ni mkali, uliza. Akisema msichana anaogopa, uliza. Na tafadhali liulize hata pale jibu lilipo sahihi, tena hasa pale. Ukiliuliza kwa waliokosea tu, katika wiki moja darasa zima litajua kwamba swali hilo maana yake ni "kaa chini, umekosea", na hakuna atakayefungua kinywa tena.

Anza na methali, kwa sababu methali ni fupi na wote wanadhani wanaijua. Andika ubaoni: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno manne. Waulize maana yake, watakuambia upesi kwamba wageni ni baraka. Sasa waulize: nani anasema maneno haya? Wengi watajibu ni mwenyeji. Neno gani limewaambia hivyo? Waache wahangaike kidogo. Mwenyeji angesema "nipone". Hapa imesemwa "apone", yeye apone. Kwa hiyo anayeita si mwenyeji. Si mgeni pia, kwa maana mgeni ndiye anayeitwa. Basi yupo mtu wa tatu nyumbani humo, mtu ambaye hali yake inategemea hali ya mwenyeji, naye anaita wageni waje. Mara nyingi atatokea mtoto wa kidato cha pili aseme: "Mwalimu, ni watoto! Mgeni akija ndipo kuku anachinjwa." Hapo darasa litacheka, na limesoma. Halafu warudishe kwenye "apone". Mtu hupona kutoka kwenye nini? Kumbe mwenyeji huyu anaumwa kitu, na methali imekaa kimya kuhusu ugonjwa wake. Kiambishi kimoja, herufi moja, "a" badala ya "ni", kimefungua nyumba nzima. Wataona wenyewe kwamba katika Kiswahili silabi ndogo kuliko zote ndiyo inayobeba mzigo.

Siku ya pili waletee kifungu. Usitafute kirefu. Maneno 25 hadi 60 yanatosha kwa dakika 40. Mimi hutumia hiki, nilikitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, kichukue:

"Baba alirudi jioni. Aliegemeza jembe ukutani, akaketi. Mama alimletea maji, naye akayanywa yote bila kusema neno. Mle ndani kitoto kikaanza kulia. 'Kimekula?' aliuliza. Mama akatazama jembe."

Majibu ya kwanza nayajua, nimeyasikia kila mwaka. Baba ni mlevi. Baba ni mkali, anampiga mama. Familia ina njaa. Yaandike yote matatu ubaoni bila kukunja uso, kisha uliza swali lako. Mlevi: neno gani? Mmoja atasema "alirudi jioni". Lakini jioni ndiyo saa ya kutoka shambani, na mkononi alikuwa na jembe. Mwingine atasema "bila kusema neno". Kunyamaza peke yake hakumfanyi mtu mlevi. Basi hilo lifute, na ulifute mbele yao, waone kwamba wazo lisilo na neno la kulishika halikai ubaoni. Mkali: labda sauti ya "Kimekula?" ni ya ukali, labda ni ya huruma, kifungu hakijasema. Liwekee alama ya kuuliza. Njaa: hapa yapo maneno. Kuna swali kuhusu kula, na swali hilo halikujibiwa. Njaa ikae.

Sasa shuka kwenye "kitoto", na hapa usiwe na haraka kabisa. Kiswahili kina "mtoto". Kwa nini msimulizi amechagua "kitoto"? Tena kuna "kijana", "kipofu", "kiongozi", yote yanaanza na ki-, lakini tunasema kijana amekula, kiongozi amefika. Mtu mwenye ki- kwa kawaida tunamrudishia a-, utu wake. Mtoto huyu hakurudishiwa. Aliyeuliza alisema "kimekula", kama anauliza habari za kifaranga. Je, ni dharau? Au ni mapenzi, kama tunavyombembeleza kitu kidogo kilicho chetu? Na kabla hawajamshambulia baba, waonyeshe kwamba ki- haikuanza kwake. Msimulizi ndiye aliyetangulia: "kitoto kikaanza kulia". Baba hajafungua kinywa bado. Kwa hiyo jicho linalokiona kitoto ni kidogo ni la nani?

Darasa lako ni tajiri kwa jambo hili kuliko unavyodhani. Mtoto yeyote anayejua Kiganda anajua tofauti ya omusajja, akasajja na ogusajja: mwanamume, kimwanamume, na jitu la mwanamume. Hajui kwamba anajua, mpaka umwulize kwao wangesemaje. Wakongomani wako wanasema "katoto" nyumbani, na wengi wao watakuambia ni neno la upendo, mama humwita hivyo mwanawe akimfunga mgongoni. Waache wabishane na wenzao. Mkongomani akisema ni upendo na mwenzake akisema ni dharau, mwache kila mmoja arudi kifunguni kutafuta msaada. Waacholi na Waalur lugha zao hazina ngeli kama zetu, kwa hiyo ki- na m- zinaweza kuwapita kabisa machoni. Wao uwaonyeshe waziwazi, kwa kupigia mstari. Lakini lugha zao hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na masikio yao ni makali ajabu. Mpe mmoja asome "Kimekula?" kwa sauti ya hasira, mwingine kwa sauti ya mtu aliyechoka, mwingine kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. Kisha uliza darasa: sauti ipi inakubaliana na "akayanywa yote bila kusema neno"? Nimeona darasa lililokuwa limelala likasimama kwa zoezi hilo.

Kifaa chako cha pili, baada ya swali, ni kubadilisha neno. Futa "akatazama", andika "alitazama". Mama alitazama jembe. Nini kimepotea? Wakisoma mara mbili watasikia kwamba -ka- ilifunga kutazama kwake na lile swali: ameulizwa, ndipo akatazama. Kutazama kule ndilo jibu lake. Ukiweka -li- inakuwa habari tu, mama na jembe. Futa "yote" katika "akayanywa yote". Msichana mmoja aliwahi kuniambia, baada ya kufuta neno hilo, kwamba mtu akimaliza maji yote labda shambani hakukuwa na maji, au labda amejua hakuna kitu kingine kinachokuja. Hilo la pili sikuwa nimeliona, na kifungu nilikitunga mimi. Futa "mle", andika "humu". Ghafla msimulizi ameingia ndani ya nyumba! Kumbe muda wote tulikuwa nje pamoja na wazazi, na kilio tulikisikia kupitia ukutani.

Halafu wape sentensi moja ya kuikariri, sentensi pekee nitakayokuomba wakariri: "Kifungu hakisemi." Je, jembe lina udongo? Kifungu hakisemi. Mtoto ni wao au wa jirani? Kifungu hakisemi, hakuna "chetu" popote. Nani hasa aliuliza? Hilo limesemwa nusu: "aliuliza" inaweza kuwa baba au mama, na ni ile "Mama akatazama" inayotufanya tuamini alikuwa baba. Mwanafunzi aliyezoea kujaza ukurasa ili apate alama hupata ahueni kubwa akiruhusiwa kuandika kwamba jambo fulani halimo. Mpe alama kwa hilo. Mpe alama kamili.

Usidhani haya ni matatizo ya watoto wa Bweyale au ya watoto waliosomea chini ya mwembe. Katika miaka ya 1920, mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, I. A. Richards, aliwagawia wanafunzi wake mashairi bila majina ya washairi wala tarehe, akawaomba waandike walichokiona. Hao ni wanafunzi waliosoma vizuri, kwa lugha yao ya mama. Waliandika makosa yaleyale ya wanafunzi wako: waliingiza kumbukumbu zao binafsi zisizohusika, na mahali pengi walitoa hisia zilizokuwa tayari, zilizokaa akilini zikingoja tu neno la kuziamsha. Alichapisha matokeo yake 1929, na ufundishaji wa fasihi ulibadilika tangu hapo. "Baba ni mlevi" ni hisia ya namna hiyo. Neno "baba" na neno "jioni" yakikutana, kichwa cha mwanafunzi kinamalizia hadithi peke yake.

Mahali ninapoachana na Richards ni hapa. Yeye aliondoa kila kitu isipokuwa maneno. Mimi siwezi kumwambia mtoto wa mkulima asahau shamba. Anajua jembe ni mali, anajua mtu hutupa jembe akiwa na hasira na huliegemeza akiwa mtulivu au amechoka, na ujuzi huo unafaa kabisa. Swali ni namna ya kutenganisha ujuzi huo na uzushi. Nimetumia miaka kulifikiria hili, na kipimo changu ni kimoja: ujuzi wa mwanafunzi ukieleza neno lililopo, ukaribishe. Ukiziba nafasi ya neno lisilopo, usimamishe. "Aliegemeza" lipo, basi mtoto anayejua majembe na atueleze. Pombe haipo, basi hata kama kijiji kizima kina walevi, isubiri kifungu kingine.

Sasa habari ya wanafunzi 84 na vitabu 11. Kwa kazi hii viache vitabu kabatini. Andika kifungu kwenye karatasi ya manila, herufi kubwa, uining'inize ubaoni. Ukikunja vizuri utaitumia na kidato cha tatu, na mwaka ujao pia. Soma wewe mara ya kwanza, kwa sauti, kalamu zote chini. Mara ya pili wanakili daftarini, kila mstari ukiruka mmoja. Walimu wengi wanaona kunakili ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo nafasi pekee katika siku nzima ambapo mkono unamlazimisha mtoto kupita kwenye kila silabi. Aliyeandika "kikaanza" kwa mkono wake hawezi kuniambia hakuiona ki-. Mara ya tatu kila mmoja apigie mstari neno moja, moja tu, lililomshtua, na juu yake aandike kwa nini. Kisha wazungumze wawili wawili palepale kwenye dawati, dakika tano, kwa lugha yoyote wanayoitaka. Ndiyo, kwa lugha yoyote. Wakitoa jibu mbele ya darasa watatumia Kiswahili, lakini kufikiri wafikirie kwa kile walicho nacho.

Kama unao wanafunzi Waislamu waliopita madrasa, waulize darsa huendeshwaje. Watakueleza kwamba sheikh husoma neno, hulisimamisha, hulieleza, ndipo husogea. Wale wa kanisani nao wamewahi kuona mstari mmoja wa Biblia ukigeuzwa kwa saa nzima. Waambie darasa kwamba kazi hii si ngeni kwao, inafanyika Ijumaa na Jumapili, sisi tumeileta Jumanne.

Kuhusu kusahihisha: usibebe madaftari 84. Kila kipindi kusanya safu mbili za madawati, zungusha. Wanaandika sentensi tatu tu: naona nini, neno gani limeniambia, na neno hilo lingekuwa jingine ingekuwaje. Unapopitia, tazama sentensi ya pili kwanza. Kama neno limenukuliwa kama lilivyo, endelea kusoma. Kama halikunukuliwa, andika pembeni "Neno?" na umrudishie. Usisahihishe sarufi siku hiyo. Najua mkono unawasha, lakini mtoto akirudishiwa ukurasa uliojaa wino mwekundu wa vipatanishi, kesho ataandika sentensi salama zisizo na wazo ndani yake.

Maandishi ya kusoma yapo mengi kuliko vitabu. Nenda kwenye ubao wa matangazo. Mfano wa aina ninayoipata kila mahali: "Wazazi wanakumbushwa kwamba ada ilipwe kabla ya tarehe 15. Mwanafunzi atakayekutwa hajalipiwa atarudishwa nyumbani." Waambie wahesabu vitenzi. Vitano. Wanakumbushwa, ilipwe, atakayekutwa, hajalipiwa, atarudishwa. Vyote vitano ni vya kutendwa, na hakuna hata mtendaji mmoja anayeonekana. Nani anakumbusha? Nani atarudisha? Kisha "wanakumbushwa" badala ya "wanaarifiwa": mtu hukumbushwa alichokijua akakisahau, kwa hiyo mzazi ameshalaumiwa kabla hajamaliza mstari. Na "atakayekutwa". Ni nani ambaye kwa kawaida hukutwa? Wanafunzi watajibu kwa pamoja: mwizi. Halafu waonyeshe "hajalipiwa": mtoto hakulipa kwa sababu hakuwa yeye wa kulipa, alikuwa alipiwe, na bado ndiye atakayekutwa. Nililifanya somo hili mara ya kwanza na wanafunzi ambao baadhi yao walikuwa wamerudishwa nyumbani wiki ileile. Hakuna aliyechungulia dirishani.

Somo hilo lina maana ya pekee kwetu Uganda. Kiswahili hapa kilikaa miaka mingi kwenye kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani, na wazazi wengi walikisikia kwanza kama lugha ya amri: lete, simama, lala chini. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, msingi na sekondari. Sheria imebadilika, ila masikio hubadilika polepole. Anayesikia amri hutafuta jambo moja tu, afanye nini ili asalimike. Baadhi ya wanafunzi wako wanasoma kifungu cha Kiswahili kwa masikio hayo: wananitaka nini hapa? Wakizoea kuuliza lugha hii maswali, watakaa nayo kwa namna nyingine.

Shairi nililiacha mwisho makusudi. Mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata vina na mizani, ndiyo mahali ambapo usomaji wa kina unauawa kwa hesabu. Mwanafunzi anahesabu mizani 16, anaona vina, anaandika "tarbia", yaani ubeti wa mishororo minne, kazi imekwisha. Kuhesabu kuwepo, sikukatazi, lakini kuwe mlango. Chukua mshororo huu niliouunda kwa ajili ya kufundishia: "Mwana amenda mjini, mama kabaki nyumbani." Mizani nane kwa nane, kina cha -ni pande zote mbili. Sasa uliza: kwa nini "kabaki"? Watakuambia ni inkisari, neno limefupishwa kwa kuwa mizani zilizidi. Kweli, "mama amebaki nyumbani" ni tisa. Lakini mshairi alikuwa na njia nyingine za kupunguza, akakata hapa. Na alipokata, "kabaki" ikabaki na milango miwili: akabaki, yaani kubaki kwake kumefuata safari ya mwana, au amebaki, hali tu ilivyo. Soma kwa njia ya kwanza, halafu ya pili. Katika ile ya kwanza mwana ana deni. Kisha "mwana". Mtoto ni umri, mwana ni wa mtu. Mwana anaweza kuwa na miaka 40 na bado ni mwana. Mshairi hakusema mama yake wala mama yetu, ila neno "mwana" limeshamfunga mama huyo kwenye safari. Mshororo mmoja wa namna hiyo kwa kipindi kimoja unatosha. Ubeti mzima uwe kazi ya wiki. Na orodha ya tamathali za usemi itolewe baada ya wanafunzi kuiona kazi yake, si kabla, maana mtoto aliyepewa kwanza neno "tashihisi", yaani kukipa kitu sifa za mtu, ataiona tashihisi hadi kwenye orodha ya majina.

Sasa kuhusu mkuu wa shule yako. Simlaumu, ana wazazi mlangoni na matokeo ya kuyatolea hesabu. Lakini mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mtaala mpya ulifanyika 2024, na mtaala huo unampa mwanafunzi tukio, unamtaka atende jambo nalo. Notisi hazina tukio hilo. Usibishane naye kwa maneno. Omba kipindi kimoja kwa wiki, vilivyobaki endelea na mada kama kawaida. Wiki ya kwanza, kabla hujafundisha lolote, wape kifungu kigeni waandike aya moja, uzifungie kabatini. Wiki ya sita wape kingine cha urefu uleule. Chagua wanafunzi watatu, mmoja wa juu, mmoja wa kati na mmoja wa dawati la nyuma kabisa, uchukue karatasi zao za wiki ya kwanza na za wiki ya sita, uende nazo ofisini. Mwachie azisome mwenyewe, na usimweleze chochote mpaka akuulize.